Fisi Aliyelikanyaga Jaa

Enzi zile wanyama walipokuwa na mji wao na umbeya wao, kabla hawajatuachia sisi vyote viwili, kiliingia kiangazi kikali. Mto ulikauka mpaka kambale wakahama kwa miguu. Visima vilibaki na mwangwi tu. Ukitupa kijiwe, unajibiwa na vumbi. Maji yalipatikana mahali pamoja, kwenye mchanga wa mto, ambako Tembo alikuwa amechimba shimo refu kwa mkonga wake. Na Tembo hakumnyima mtu. Sharti lake lilikuwa moja.

"Njoo na chombo chako," alisema. "Mie nachota, sifinyangi vyungu."

Hapo ndipo mji ulipokwama, maana mitungi yote ilikuwa imepasuka kwa joto. Chombo cha kuaminika ulikipata kwa Kima tu. Kima alikuwa fundi, amekaa na tanuri lake karibu na jaa la mji, anayeyusha chupa kuukuu za plastiki na kuzigeuza ndoo na madumu. Lakini kuokota chupa? Thubutu! Alisema mikono yake ni ya ufundi, na walimwengu wakasema mgongo wake ni wa uvivu. Chupa aliletewa na waokotaji wa jaani: Panya, Kunguru, Sungura na Kanga. Kila aliyechukua ndoo kwa Kima alimrudishia maji kidogo, na Kima akayagawa kwa waokotaji. Gunia la chupa, kata ya maji. Kwa hiyo mji mzima ulikunywa kutoka jaani, ukitaka kujua au usitake.

Je, walishukuriwa? Wee! Pundamilia akipita na ndoo yake mpya kichwani, anaziba pua na kuwaambia wanawe, "Tembeeni upesi, machokora hao!" Ndoo anayo kichwani, na waliomwokotea chupa zake ndio anaowazibia pua. Haya.

Kati ya waokotaji wote, hakuna aliyechakura kama Kanga. Alikuwa na vifaranga tele, hata yeye mwenyewe hakujua idadi kwa sababu hawakutulia. Alianza kazi alfajiri, kwato za wenye mji zikiwa bado zimelala, akipekua kwa kucha, huku na huku, chaka chaka chaka. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Siri ukimpa Kanga ni kama kuupa upepo majivu. Asubuhi anaapa kwa madoa yake yote kwamba hatasema, na mchana hata mchwa walioko chini ya ardhi wanajadiliana.

Jaa lile lilikuwa na desturi yake. Anayekiona kitu hukikanyaga na kupiga kelele, "Nimekanyaga!" Kikawa chake, hakuna kugombea. Lakini desturi ilikuwa na mkia: ulichokikanyaga lazima ukibebe. Kama ni chupa, unaipeleka kwa Kima. Kama ni ndizi iliyooza au chungu kilichovunjika, utakibeba vilevile ukakitupe kwenye shimo la mawe nyuma ya kilima. Hakuna kuchagua tamu na kuacha chungu. Mwokotaji mgeni akijisahau, wenzake walimwimbia, "Umekanyaga?" na wote wakajibu, "Umebeba!" Ndiyo maana jaa lile halikuwahi kufurika.

Sasa Fisi.

Fisi alikuwa jirani wa jaa, na kwa Fisi kila kitu ni chakula ambacho bado hakijalainika. Alikuwa akilala kivulini, akiwatazama waokotaji wakitoka na mizigo, roho inamwuma.

"Ninyi Kanga, mbona mnabeba hata vigae?" aliwauliza siku moja, akicheka kile kicheko chake.

"Tulivikanyaga, Bwana Fisi."

"Wendawazimu!" Akageuza ubavu. Hakuuliza zaidi, maana kuuliza ni kazi, na Fisi na kazi hawajawahi kusalimiana.

Ila roho haikutulia. Akapanda Jabalini kwa Mfalme Simba, mkia katikati ya miguu, sauti imepakwa asali. Simba alikuwa juu ya jabali lake akichana nywele za shingoni. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

"Mtukufu," alisema Fisi, "nywele hizi! Nimefumba macho na bado naziona."

"Sema shida yako," alisema Simba, lakini aligeuka kidogo ili zionekane upande wa pili.

"Sina shida, Mtukufu. Nina aibu kwa niaba yako. Mfalme wa namna hii, chini ya jabali lake wanachakura machokora! Wageni watasemaje? Nipe mimi lile jaa. Nitakaa mlangoni, nitaweka heshima."

Neno heshima lilipomwingia Simba sikioni, lilishuka moja kwa moja mpaka kwenye kucha. "Kuanzia leo wewe ni Bwana Jaa," akanguruma. "Nimesema."

Na Simba akisema amesema. Neno lake halirudi tumboni, hata kama limetoka bovu.

Kesho yake Kanga alimkuta Fisi mlangoni mwa jaa, kavaa kopo kichwani kama kofia.

"Ushuru," alisema Fisi. "Nusu gunia."

"Ushuru wa nini, Bwana Fisi?"

"Wa kunitazama nikiwa nimekaa."

Wiki ile ilikuwa nusu gunia. Iliyofuata ikawa gunia zima kasoro chupa chache. Mwishowe akawa anachukua yote, na kumwambia mwokotaji, "Gunia langu, jasho lako. Usiseme sikukuachia kitu." Na zile chupa alizifanya nini? Hakuzipeleka kwa Kima, hakuzinywea maji. Aliziramba zilizonukia mafuta, akatafuna zilizonukia samaki, na zilizobaki akazirundika nyuma ya mgongo wake. "Zitanifaa siku moja," alisema. Mwenye tamaa ndivyo alivyo, hata asichokijua kazi yake anataka kukilalia.

Basi tanuri la Kima likapoa. Ndoo za zamani zikatoboka, mpya hazikuja. Tembo alisimama kando ya shimo lake la maji, mkonga umejaa, hana wa kummiminia, maana mtu mzima hawezi kubeba maji kwa masikio. Mji ukaanza kukohoa vumbi.

Kwa Kanga mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jioni moja alirudi nyumbani mikono mitupu, akashtuka. Kimya. Vifaranga wake walikuwa wamejipanga ukutani, midomo wazi, na hakuna aliyepiga kelele. Jamani, vifaranga wa kanga wakinyamaza, ujue kifo kinachungulia dirishani. Aliwalambisha umande uliobaki kwenye kifuniko cha kopo, tone kwa tone, na kulipokucha akapanda Jabalini mwenyewe.

"Mfalme, wanangu wanakufa na kiu. Mwondoe Fisi."

Simba alikunja uso. "Unataka nirudishe neno?"

"Ndiyo, Mfalme."

"Mama Kanga, mimi nikirudisha neno, nywele hizi zitasimama juu ya kichwa cha nani?" Akamwonyesha njia ya kushukia.

Kanga alishuka akilia kwa sauti, maana hakujua kulia kwa namna nyingine. Sungura alikuwa amekaa chini ya jabali akichokonoa meno kwa kijiti.

"Shoga yangu, unakosea dawa," alisema Sungura. "Simba humwombi arudishe neno. Unamwomba aongeze jingine."

"Lipi?"

"Subiri upepo."

Kanga aliona huyu naye kiu imempanda kichwani. Lakini upepo ulikuja kweli. Waokotaji walikuwa wameacha kwenda jaani, nani akafanye kazi ya kumnenepesha Fisi? Mji nao haukuacha kutupa taka. Jaa likavimba, likapanda, likaanza kuegemea jabali la mfalme kama mlevi anayeegemea mlango wa mkwewe. Inzi wakaja na jamaa zao wote.

Siku hiyo Simba alikuwa anahutubia. Alikuwa amefika pale anapopapenda, pale anaposema, "Mimi, ambaye hakuna anayethubutu kunigusa usoni..." Fuu! Upepo ukavuma kutoka jaani, mfuko wa plastiki ukaruka juu, ukazunguka mara mbili kama unatafuta anwani, kisha pa! ukamkaa Simba usoni. Ulikuwa mfuko wa dagaa.

Watu walijua wasicheke. Kiboko alimeza cheko akavimba mashavu. Twiga alitazama mawinguni. Fisi peke yake ndiye aliyecheka, kwa kuwa ndiyo sauti yake, masikini.

Simba aliubandua mfuko, dagaa watatu wamening'inia kwenye nywele za shingoni. "Taka za nani hizi?" alinguruma mpaka jabali likatetemeka.

Kila mtu akaangalia miguu yake.

"Bwana Jaa! Si zako?"

"Mtukufu!" alisema Fisi akirudi nyuma. "Mimi ni bwana wa mlango tu. Taka ni za umma."

Hapo Sungura akajitokeza, akainama mpaka masikio yakafagia vumbi. "Ewe Mfalme, neno lako halirudi, na liishi milele. Ila jaa lina desturi kongwe. Anayekanyaga ndiye mwenyewe. Kesho asubuhi tuite sote. Atakayelikanyaga jaa mbele yako, liwe lake, na desturi zake zote. Utajua wa kumwuliza."

Simba alifikiri kidogo, na kwa kuwa dagaa wa pili alikuwa anamwingia sikioni, akaamua upesi. "Na iwe hivyo. Kwa desturi zote za jaa. Nimesema!"

Fisi alicheka moyoni. Yeye wa kulikanyaga? Jaa lililomtia Mfalme dagaa usoni? Kesho atalala.

Mchana ule Sungura alimvuta Kanga pembeni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Kanga, nikikuambia kitu utanyamaza?"

"Nife!" alisema Kanga, macho yamemtoka.

"Chini kabisa ya jaa kuna mfupa wa nyati. Ulitupwa siku ya karamu ya harusi ya babu yake Simba. Kesho nataka nilikanyage mimi. Usimwambie mtu."

"Mimi? Hunijui wewe!"

Sungura alimjua sana. Kanga alishikilia siri ile kwa ushujaa mkubwa, akapita mti wa kwanza, akapita wa pili, jasho linamtoka. Kwenye mti wa tatu alikutana na Panya.

"Mwenzangu, usimwambie mtu. Chini ya jaa kuna mifupa ya nyati wa karamu."

Panya akamwambia Kunguru, "Chini ya jaa kuna nyati mzima. Usimwambie mtu."

Kunguru hakumwambia mtu. Alipanda juu ya paa la Fisi akautangazia ulimwengu, "Nyati wawili! Wamekaangwa! Wamezikwa na mafuta yao! Sungura anawachukua kesho!"

Ndani ya nyumba ya Fisi kulisikika kitu kikianguka. Ilikuwa ni taya.

Kanga alipowasikia wote wakizungumza habari hiyo alijipiga mabawa kichwani. Alikwenda kwa Sungura ameinamisha shingo. "Shoga, nimekuharibia. Mdomo wangu huu! Fisi amejua. Wanangu watakufa kwa ulimi wa mama yao."

"Amejua?" Sungura aliuliza.

"Amejua. Tena amejua zaidi kuliko ulivyoniambia."

Sungura akajilaza chali, akatia kijiti chake mdomoni. "Kalale, Kanga. Kesho njoo na sauti yako."

Asubuhi mji wote ulikuwa chini ya jabali. Jaa limesimama pale mbele yao, kubwa, la moto, linafuka mvuke kama sufuria. Simba alikuwa ameoga kwa vumbi na kujichana upya.

"Nani mwenye jaa hili?" aliuliza.

Sungura akapiga hatua moja, polepole, kama bibi harusi. Akanyanyua mguu.

"Hapana!" Fisi alitoka nyuma ya umati kama jiwe la kombeo. Alimpita Sungura, akampiga Pundamilia kikumbo, akapaa, akatua juu kabisa ya jaa kwa miguu yote minne, matope ya ndizi yamemfika magotini.

"Nimekanyaga! Langu! Juu na chini, mbele na nyuma! Kila kilichomo ni changu!"

Sungura akaanguka chini. "Maskini mimi, nimewahiwa! Mfalme, mwambie anipe hata robo!"

"Hata unywele!" alifoka Fisi.

"Hata chini kabisa kule?"

"Hasa chini kabisa kule!"

Simba akauliza, "Fisi, ni lako mbele ya wote?"

"Mbele ya wote, Mtukufu, na wafu wakiwemo!"

"Lako na desturi zake zote?"

"Zote! Nipeni zote!" Fisi tangu azaliwe hajakataa kitu chenye neno zote.

Sungura akaacha kulia, akajikung'uta vumbi. Akamtazama Kanga. Ndipo Kanga alipoelewa. Alielewa kwa nini aliambiwa siri, na kwa nini aliambiwa yeye. Alitaka kukasirika, akaona kicheko kimeshafika kooni, hakuna nafasi. Akafungua mdomo wake wote, ule mdomo wa lawama, akapaza sauti mpaka Tembo akasikia mtoni.

"Fisi! Umekanyaga?"

Na Panya, na Kunguru, na Sungura, na kila mwenye kucha aliyewahi kuchakura pale, wakajibu kwa pamoja, "Umebeba!"

Fisi alitazama huku na huku. "Nimebeba nini?"

"Ulichokanyaga," alisema Kanga. "Ndiyo desturi. Ulikuwa unatucheka tukibeba vigae, bwana wee. Vigae vyote hivyo sasa ni vyako."

"Miguu iliteleza!"

"Yote minne?" aliuliza Simba.

"Mtukufu, rudisha neno!"

Lo! Angelisema lolote jingine. Simba alisimama, nywele zikatawanyika kama jua linalochomoza. "Neno la Simba halirudi. Beba."

Fisi akabeba. Wacha wee, alibeba! Kanga alisimama juu ya pipa akielekeza kwa bawa. "Chupa kwa Kima! Hilo dumu kwa Kima! Aa-aa, hilo limeoza, shimoni! Umechanganya, rudisha, chambua upya! Chupa na maganda ya ndizi tangu lini wakawa ndugu?" Waokotaji wakipokea chupa kwa Kima na kuzichambua, tanuri likawaka, ndoo zikatoka bado zina joto, mji ukapanga mstari hadi mtoni. Watoto walimfuata Fisi njia nzima ya shimoni wakiimba, "Umekanyaga?" na wenzao wa upande wa pili, "Umebeba!" mpaka hata yeye akajikuta anatembea kwa mdundo wake.

Pundamilia alikuja kuchukua ndoo. "Shikamoo, Mama Kanga," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia, masikio yameingia maji."

"Shikamoo, Mama Kanga!"

"Marahaba, mwanangu. Pua imepona?"

Na vifaranga walipokunywa kata ya kwanza, kelele zilizotoka mle nyumbani, majirani walihama kwa siku mbili. Kanga alikaa mlangoni akizisikiliza kama taarabu.

Simba, kwa upande wake, alitangaza kwamba mlango wa jaa hautakuwa tena na bwana, na kwamba yote haya aliyapanga tangu mwanzo. Wote wakainama. Sungura akapatwa na kikohozi.

Fisi alibeba na kubeba, mgongo ukashuka nyuma, na mpaka leo haujapanda. Kilichomtia nguvu ni wale nyati wawili. Kila akiinua gunia alinusa, akimeza mate, akisema, "Bado kidogo." Alipofika chini kabisa, akachimba kwa pua, akachimba kwa kucha, na kweli, Sungura hakudanganya. Palikuwa na mfupa mmoja, umekauka kama kitana, umelala katikati ya udongo mtupu.

Fisi aliuona, akasahau uchovu, akafungua taya ili aanze kuumeza kabla hajaukanyaga.

"Nimekanyaga!" ilisema sauti.

Ulikuwa mguu wa Kanga, umetulia juu ya mfupa.

"Lakini jaa ni langu!" alilia Fisi.

"Jaa umeshalibeba lote, ndugu yangu, angalia nyuma yako. Hili ni shimo tu."

"Kanga, wewe huna hata meno!"

"Ndiyo maana sina haraka," alisema Kanga. Akaubeba mfupa wake mabegani, kama desturi inavyotaka, akaenda zake kwa fundi Kima amchongee vifungo.

Wahenga walisema: mwenye pupa hadiriki kula tamu.